Namba ya gari ya marehemu: kisa cha Leicester na Mombasa

Tuchukue kisa hiki. Mzee mmoja wa Mombasa, aliyeishi Leicester, Uingereza, zaidi ya nusu ya umri wake, amesafiri na mkewe kwenda Mombasa kuwaona jamaa. Akiwa huko anaugua ghafla, analazwa, anafariki. Anazikwa siku ile ile, kama ilivyo ada. Leicester ameacha nyumba, akiba benki, na gari lililoegeshwa uani likiwa na namba ya kujichagulia. Inaanza na S, kisha tarakimu, kisha herufi tatu, na ukizisoma kwa mkupuo unapata jina lake. Watoto ni watatu, mwana mmoja na mabinti wawili. Binti mdogo hana haja na gari. Anataka namba.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo mbele ya msiba. Mimi silioni dogo. Kwa familia iliyohamia nchi ambako jina la baba lilikosewa kwenye kila barua ya ofisi, namba ile ilikuwa mahali pamoja ambapo jina liliandikwa alivyotaka mwenyewe. Na jambo likishakuwa na thamani moyoni na sokoni pia, linahitaji kushughulikiwa kwa mpangilio, la sivyo linaweza kupotea kwa saini moja iliyowekwa kwa nia njema. Katika kisa hiki lilikaribia sana kupotea.

Haki inakaa wapi

Uingereza, namba za usajili ni za serikali. Anayelipia namba ya kujichagulia, awe ameinunua DVLA yenyewe, idara ya serikali ya usajili wa magari huko Swansea, ambayo imekuwa ikiziuza tangu 1989, au kwa mfanyabiashara wa namba, hapati umiliki wa herufi zile. Anapata haki ya kuziweka kwenye gari. Hiyo haki ndiyo inayorithiwa, inayouzwa na inayopotea.

Haki hiyo inaweza kuwa mahali patatu. Kama namba ilinunuliwa na haijawahi kuwekwa kwenye gari, haki iko kwenye cheti kiitwacho V750. Kama iliwahi kuwekwa kisha ikatolewa ili ihifadhiwe, iko kwenye hati ya V778. Hizi mbili hudumu miaka 10, na mtu anaweza kuzihuisha bure kabla ya muda kwisha; muda ukipita, haki imekwenda. Mahali pa tatu ni kwenye gari lenyewe, na ushahidi wake ni logibuku, yaani V5C.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa familia yoyote ni kujua namba iko wapi siku ya kifo. Kama iko kwenye V750 au V778, kuna nafasi ya kupumua: tazameni tarehe ya mwisho, hifadhini karatasi. Kama iko kwenye gari, mko katika hali ya hatari kuliko zote, kwa sababu namba hufuata gari. Gari likiuzwa na namba yake, mnunuzi akishasajiliwa, namba ni yake kuitumia au kuiuza. Gari likivunjwa kabla namba haijatolewa, haki hupotea nalo. Hata bima ikilichukua gari baada ya ajali kubwa, namba lazima iwe imeshatolewa kabla ya gari kukabidhiwa. Hakuna kifungu cha huruma kinachosema mwenye gari alikuwa amefariki na watoto hawakujua.

Mzee wetu namba yake ilikuwa kwenye gari.

Wiki ya kwanza

Marehemu aliacha wosia wa Kiingereza wenye wasii wawili: mwanawe wa kiume aliyeko Leicester na mdogo wake aliyeko Mombasa, ami yao watoto. Ami ni mtu mwadilifu, na jambo la kwanza lililomshughulisha ni madeni ya maiti. Kaka yake alikuwa na deni dogo la ujenzi wa nyumba ya Mombasa, na kwa imani yao deni hulipwa kabla ya mrithi kugusa chochote. Akatafuta mnunuzi wa gari kwa simu, akampata mtu wanayemfahamu huko huko Leicester, mwenye fedha mkononi. Bei ilikuwa ya haki. Mnunuzi alitaka funguo, na kile kipande cha kijani cha logibuku kinachoitwa V5C/2, ambacho hukabidhiwa mtu anayelichukua gari.

Mazungumzo yakawa kwenye kundi la WhatsApp la familia, katikati ya salamu za rambirambi na tangazo la hitima. Binti mdogo akaandika: "Ami, shikamoo. Na namba je?" Ami akajibu: "Marahaba mwanangu. Namba si iko kwenye gari?" Naye: "Ndiyo maana nauliza, ami."

Jibu la ami ndilo jibu la watu wengi. Kwake namba ni kama rangi ya gari: imo, inakwenda nalo. Na kusema kweli sheria, kama familia isingefanya kitu, ingekubaliana naye. Bahati yao ni kwamba swali liliulizwa kabla ya funguo kutoka. Mnunuzi akaambiwa asubiri, na kwa uungwana wake akasubiri.

Hapa ndipo palipo na somo la kisa kizima kwa upande wa utaratibu: namba itolewe kwenye gari kwanza, gari ndilo lifuate. Mengine yote, nani mrithi, nani alipe, gari liende wapi, yanaweza kujadiliwa kwa miezi. Hilo moja haliwezi kungoja mauzo.

Sasa logibuku iko wapi? Mjane yuko Mombasa, ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, hatarajiwi kusafiri kurudi Leicester kushughulikia makaratasi. Lakini yeye ndiye anayejua kila kitu kilikowekwa. Kwa simu ya video akamwongoza mwanawe chumbani: si kabati hilo, lile la dirishani, chini ya mashuka, mkoba mweusi wa zipu. Ndani yake zilikuwamo pasipoti za zamani, nakala ya wosia, na logibuku. Isingepatikana, wangelazimika kuomba nyingine kwa fomu ya V62 na kulipa pauni 25, na zaidi ya fedha, wangepoteza wiki kadhaa.

Njia mbili za mkato

Mwana, akiwa na logibuku mkononi, akaona njia rahisi. Huduma ya kuhifadhi namba ipo mtandaoni. Inadai namba ya gari na zile tarakimu 11 za kumbukumbu zilizo kwenye logibuku, ulipe pauni 80, na kazi imekwisha kwa dakika chache. Kwa nini asifanye hivyo usiku ule ule?

Kwanza, huduma ile ni ya mtu aliyesajiliwa kuwa mtunzaji wa gari. Kuitumia ni kuiambia serikali kwamba aliyekaa mbele ya kompyuta ni marehemu. Wasii ana mamlaka ya kushughulikia mali ya marehemu, lakini mamlaka hayo hutumika waziwazi, kwa jina la wasii, si kwa kujifanya mwingine. Pili, hata mtu asiyejali hilo hafaidiki, maana hati ya V778 itatoka kwa jina la marehemu. Tatizo litakuwa limehama kutoka gari kwenda karatasi, na siku ya kuomba jina libadilishwe, tarehe ya kifo na tarehe ya ombi zitakuwa mezani pamoja, moja ikitangulia nyingine isivyotakiwa.

Njia ya pili ilitoka kwa binti mkubwa. Miaka michache nyuma baba alimpa uwakili wa kisheria wa kusimamia mambo yake ya fedha endapo angeshindwa mwenyewe. Hati ipo, imesajiliwa, ina muhuri. Je, haitoshi? Haitoshi. Uwakili hufa pamoja na aliyeutoa. Kuanzia saa ya kifo, anayesimamia mali ni wasii aliyetajwa kwenye wosia, au kama hakuna wosia, msimamizi atakayeteuliwa na mahakama. Hili huwachanganya watu wengi, hasa yule mtoto aliyekuwa akibeba mizigo yote ya mzee akiwa hai, kisha anaambiwa karatasi yake haina kazi tena. Inauma, na familia ifanye hima kumweleza kwamba haina maana ya kwamba amewekwa kando.

Cheti cha kifo kutoka Mombasa

Kifo kikisajiliwa na msajili wa Uingereza, familia hupewa namba ya kumbukumbu ya huduma inayoitwa Tell Us Once, ambayo hupeleka habari kwa idara nyingi za serikali kwa mara moja, DVLA ikiwamo. Kifo hiki kilisajiliwa Kenya. Hakukuwa na msajili wa Leicester wala namba ya kumbukumbu, kwa hiyo kila idara ilibidi iandikiwe peke yake.

Karatasi ya kwanza ambayo ami alituma ilikuwa kibali cha mazishi. Kibali si cheti. Kenya, mtu akifariki hospitalini, hospitali hujaza fomu ya D1, na kwa hiyo familia hupata kibali cha kuzika. Cheti cha kifo huombwa baadaye kwa msajili wa vifo. Kwa kuwa maziko yetu ni ya haraka, familia nyingi hubaki na kibali tu na kuona mambo yamekwisha. Kwa mambo ya Mombasa pengine yamekwisha. Kwa mahakama na ofisi za Uingereza hayajaanza. Ami akarudi akaomba cheti, na kwa ushauri mzuri akachukua nakala zaidi ya moja zilizothibitishwa, maana benki, mahakama na DVLA zote zitataka kuona kitu kwa wakati mmoja.

Mzee alikuwa na uraia wa Uingereza, na mtu akauliza kama ni lazima kifo kisajiliwe pia na serikali ya Uingereza. Si lazima. Cheti cha nchi alikofia kinatosha kwa mirathi, na kama kimeandikwa kwa lugha nyingine kiwe na tafsiri iliyothibitishwa. Cha Kenya kiko kwa Kiingereza.

Taabu ilikuwa kwenye majina. Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kwa watu wetu hili ndilo linalokwamisha mambo mara nyingi kuliko sheria yoyote. Pasipoti ya Uingereza ilikuwa na majina mawili: lake na la ukoo. Logibuku ilikuwa na herufi ya kwanza ya jina lake na jina la ukoo. Cheti cha Mombasa kiliandikwa kwa utaratibu wa kwetu: jina lake, la baba, la babu, na lile la ukoo halimo kabisa, kwa sababu aliyetoa maelezo hospitalini alimtaja kama anavyojulikana mtaani. Ukiweka karatasi tatu hizo mbele ya karani asiyemjua mtu huyu, anaona watu watatu.

Familia ilifanya mambo mawili. Ami aliuliza kwa msajili kama cheti kinaweza kurekebishwa, akaambiwa inawezekana ila itachukua muda. Wakati hilo likiendelea, mwana alikwenda kwa wakili Leicester akatoa tamko la kiapo chini ya sheria ya mwaka 1835 inayohusu matamko ya aina hiyo, kwamba mwenye majina haya na mwenye majina yale ni mtu mmoja, akiambatanisha nakala ya pasipoti ya zamani iliyokuwa na majina yote manne. Ada ya kuapisha imewekwa kisheria: pauni 5, na pauni 2 kwa kila kiambatisho. Kwa gharama ndogo kama hiyo, sioni sababu ya kungoja ofisi ikukatalie kwanza. Kama majina yanatofautiana hata kwa herufi, tamko liende pamoja na maombi tangu mwanzo.

Wosia unasema gari

Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi: gari nitakalokuwa nalo siku ya kufa kwangu namwachia mwanangu wa kiume; kilichobaki baada ya madeni kigawanywe kwa warithi wangu kwa mafungu ya sheria ya Kiislamu. Namba haikutajwa popote.

Mwana ana hoja. Siku baba anafariki namba ilikuwa kwenye gari, na gari ni langu, basi kilichokuwa juu yake ni changu. Binti naye ana hoja. Gari ni chuma na magurudumu. Haki ya namba ni kitu kingine kinachoweza kutolewa na kuuzwa peke yake, na kwa kuwa wosia umetaja gari tu, haki hiyo imo katika kilichobaki. Hoja zote mbili zinasimama. Ningekuwa mwana, nisingekuwa na uhakika wa kushinda, na ningekuwa binti, vivyo hivyo. Kupeleka jambo hili mahakamani ni kuteketeza thamani ya namba yenyewe kwa ada za mawakili.

Kwa familia ya Kiislamu kuna tabaka jingine. Sheria ya Uingereza inamruhusu mtu kumwachia mwanawe gari. Lakini katika fiqhi, wasia kwa mtu ambaye tayari ni mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie. Kwa hiyo hata lile gari, kwa dhamiri ya familia hii, lilihitaji ridhaa ya mama na dada zake. Na kwa kuwa ridhaa ilihitajika hata hivyo, wakaona waziweke zote mbili katika kikao kimoja: mama kwa simu kutoka Mombasa, ami akiwa pembeni yake, watoto watatu sebuleni Leicester.

Ili wazungumze kwa haki walihitaji bei. Walipata makadirio kutoka kwa wafanyabiashara wawili wa namba, wakachukua wastani wake: pauni 3,200. Makadirio hayo yalihitajika hata kama pasingekuwa na mvutano, kwa sababu mali ya marehemu hupimwa kwa bei ya soko siku ya kifo kwa ajili ya kodi ya urithi, na haki ya namba huhesabiwa humo. Mirathi hii ilikuwa chini ya kiwango cha pauni 325,000, hivyo hakukuwa na kodi, lakini jumla lazima iwe ya kweli.

Wakaamua namba ihesabiwe katika kilichobaki, na gari limwendee mwana kama baba alivyotaka. Mafungu yakawa haya: mama thumni, pauni 400, zilizobaki 2,800 zikagawanywa kwa mwana kupata mara mbili ya binti, yaani yeye 1,400 na kila binti 700. Binti mdogo, kwa kuwa ndiye anayeitaka namba, akawalipa wenzake mafungu yao na lake likabaki ndani ya namba. Mama alikataa kupokea lake; akasema limwendee binti kama zawadi. Yote yakaandikwa ukurasa mmoja, yakasainiwa na kila mmoja, na mama akasaini mbele ya shahidi huko Mombasa. Hakukuwa na wakili. Ukurasa huo ulikuwa na kazi kubwa kuliko karatasi nyingine yoyote katika kisa hiki, kwa kuwa ulimpa karani wa Swansea jibu la swali ambalo wosia haukulijibu.

Bahasha moja

Maombi hayakwenda vipande vipande. Kama wangetoa taarifa ya kifo peke yake na kupeleka logibuku ibadilishwe jina, gari lingeweza kuandikishwa kwa mwana likiwa na namba yake, na shughuli ya namba ingeanza upya kwa jina jingine. Haingekuwa maafa, lakini ni mzunguko usio na faida, na unaiweka haki mikononi mwa mtu mmoja wakati familia imeamua vingine.

Kwa hiyo bahasha moja ilikwenda kwenye kitengo cha DVLA kinachoshughulikia kesi nyeti, Swansea. Ndani yake: logibuku, fomu ya V317, ambayo ndiyo ya kuomba namba ihifadhiwe au ihamishiwe gari jingine, malipo ya pauni 80, cheti cha kifo kilichothibitishwa, nakala ya wosia na ya hati ya mahakama inayowathibitisha wasii, tamko la majina, makubaliano ya familia, na barua. Barua iliandikwa kwa ufupi na kusainiwa na wasii wote wawili, ami akiwa ametuma saini yake ya wino kwa posta ya haraka badala ya picha ya simu. Ilisema uhusiano wao na marehemu, tarehe ya kifo, kwamba wanaomba namba itolewe kwenye gari na kuhifadhiwa kwa jina la binti, kwamba gari lenyewe lisajiliwe kwa mwana, na nani arudishiwe kodi ya gari iliyokuwa imelipwa mbele. Kila karatasi ilipigwa nakala kabla ya kufungwa.

Kuhusu ile hati ya mahakama: kama mirathi ni ndogo sana, wakati mwingine wosia pekee hutosha. Hapa kulikuwa na nyumba, hivyo wangeihitaji kwa vyovyote. Ada yake ilipandishwa Mei 2024 kutoka pauni 273 hadi 300 kwa mirathi inayozidi pauni 5,000. Waliiomba mapema, na ndiyo iliyowachelewesha kuliko vyote.

Walikuwa na chaguo la kuihamisha namba moja kwa moja kutoka gari la baba kwenda gari jingine, bila kupitia V778. Mwana alipendekeza iwekwe kwanza kwenye Mercedes yake ya zamani, ya 1995, mpaka dada yake anunue gari. Haikuwezekana. Namba ya mtindo huo inayoanza na S ni ya magari yaliyosajiliwa kuanzia Agosti 1998 hadi mwisho wa Februari 1999, na sheria hairuhusu namba ilifanye gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Gari la 2016 linaweza kuivaa; la 1995 haliwezi. Kuihifadhi kulikuwa uamuzi bora hata hivyo: pauni 80 zinalipwa mara moja, na siku ya kuiweka kwenye gari hakuna ada nyingine.

Gari wakati wa kungoja

Hapa familia nyingi hujikwaa. Kodi ya gari Uingereza haihami tena na gari tangu Oktoba 2014. Taarifa ya kifo ikifika, iliyolipwa hufutwa na salio hurudishwa. Bima nayo ilikuwa ya marehemu, na watoto waliokuwa wakiliendesha kwa kibali chake hawana tena kinga waliyodhani wanayo. Mwana aliipigia kampuni ya bima siku ya tatu, akalifunika gari uani, na wakatangaza kwamba haliko barabarani, tangazo ambalo halina malipo. Lilikuwa na maana zaidi ya kuepuka faini. DVLA haitoi namba kwenye gari ambalo halina kodi wala tangazo hilo, na inaweza kutaka kulikagua. Gari lililoachwa bila chochote kwa sababu wenyewe wako msibani linaweza kuikwamisha namba.

Kama pasingekuwa na wosia

Kidogo juu ya hili, maana wengi wetu tunaondoka bila kuandika. Bila wosia, sheria ya Uingereza humpa mwenza aliyebaki vitu vyote binafsi vya marehemu, gari likiwamo, na pauni 322,000 za kwanza za mali nyingine. Kiwango hicho ni cha tangu Julai 2023. Vitu binafsi kisheria ni vile vinavyoshikika. Haki iliyoandikwa kwenye V778 haishikiki, kwa hiyo namba iliyohifadhiwa na namba iliyoko kwenye gari zingeweza kufuata njia mbili tofauti katika mirathi kubwa. Katika mirathi kama hii zote zingeishia kwa mjane.

Ila hilo ni kama marehemu kisheria alihesabiwa kuwa makazi yake ya kudumu ni Uingereza. Kama moyo wake na mipango yake ilibaki kuwa ya kurudi Mombasa, mali yake inayohamishika ingeweza kufuata sheria ya Kenya. Na kama familia ingeanzia mahakama ya Kenya na kupata hati ya usimamizi huko, hati hiyo peke yake haifanyi kazi Uingereza. Lakini kuna sheria ya mwaka 1892 inayoruhusu hati za mirathi za nchi kadhaa zilizokuwa chini ya Uingereza, Kenya ikiwa mojawapo, kupigwa muhuri upya na mahakama ya Uingereza badala ya kuanza kesi nyingine. Watu wachache wanaijua, na inaokoa muda mwingi.

Ilivyokwisha

Swansea waliandika mara moja kuuliza kwa nini cheti na logibuku vina majina tofauti, wakaelekezwa kwenye tamko ambalo lilikuwa ndani ya bahasha ile ile. Baada ya hapo hati ya V778 ikatoka kwa jina la binti. Gari likarudishiwa namba liliyosajiliwa nayo mwanzo na logibuku mpya ikaja kwa jina la mwana. Akabadilisha pleti kabla ya kuliwasha, akakata bima yake na kulipa kodi, kisha akamwita yule mnunuzi aliyesubiri. Bei ilibaki ile ile, kwa sababu mnunuzi alikuwa akinunua gari tangu mwanzo. Deni la ujenzi likalipwa kutoka kwenye fedha hizo, kwa hiari ya mwana.

Binti hajanunua gari bado. Ana miaka 10 ya kuamua, na anaweza kuihuisha kabla haijafika mwisho. V778 ameiweka pamoja na ule ukurasa wa makubaliano, maana hati ikiwa kwa jina lake nayo sasa ni sehemu ya mirathi yake. Mwaka huo huo akaandika wosia wake. Gari lolote atakalokuwa nalo lina sentensi yake, na namba ina sentensi yake, ikisema iende kwa nani iwe kwenye gari au kwenye hati.